Maneno ya Bosibori Niliyoyameza

Mwezi uliopita, siku niliyorudisha funguo za ofisi, karani mmoja aitwaye Kwamboka aliniuliza ni kesi gani ambayo sijaisahau katika miaka yote niliyosimama kando ya kizimba nikitafsiri. Nilimjibu kwamba ni ile ya mbuzi aliyeletwa kortini kama kielelezo, akala hati ya mashtaka kabla haijasomwa. Alicheka, nikaondoka. Mbuzi yule alikuwapo kweli, lakini jibu langu halikuwa la kweli. Haya ninayoandika ndiyo jibu, kwake na kwa wakalimani wapya niliowaachia nafasi yangu.

Niliajiriwa miaka michache baada ya Uhuru. Asubuhi ya kwanza niliteremka kutoka kwetu Manga kwa miguu, viatu nimevishika mkononi visishike tope, nikavivaa nilipokaribia mji. Nilikuwa na cheti cha shule, Kiingereza cha darasani na Kiswahili ambacho nilidhani ni kizuri. Aliyenipokea ni Mzee Abdalla, mkalimani mkuu. Alizaliwa hapa hapa Kisii mjini; baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyetoka pwani akaoa Mgusii. Kiswahili alikipata kwa baba na Kigusii kwa mama, na kila lugha aliisema kana kwamba hajui nyingine.

Nilimwomba karamu ya kuandikia. Akaniambia kwa upole kwamba karamu huja baada ya harusi, akanipa kalamu. Sisi Wagusii herufi l hututoroka, na ilinichukua mwaka mzima kuikamata. Upatanisho wa ngeli ulinichukua miaka zaidi. Nilipokuwa nikisema "kitu yangu", Mzee Abdalla alikuwa akitazama dirishani kwa huzuni, kama mtu aliyepokea habari za msiba.

Alinifundisha kazi kwa mambo madogo. Simama mahali ambapo mshtakiwa anauona uso wako na hakimu anaisikia sauti yako. Mvua ikianza kupiga mabati, inua mkono uombe kesi isimame, maana neno usilolisikia vizuri utalibuni. Saa za Kigusii na za Kiswahili huanzia alfajiri, lakini hakimu anaandika saa za Kiingereza. Niliwahi kusahau hilo mara moja, na mwizi wa kahawa akaonekana amekuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Zaidi ya yote alinifundisha kusema "mimi". Shahidi akisema "niliona", mkalimani asiseme "anasema kwamba aliona". Aseme "niliona". Kwa muda huo, alisema, wewe si mtu. Wewe ni koo lake.

Jumamosi asubuhi ofisi za serikali zilikuwa wazi, nami ni Msabato. Mzee Abdalla alinishikia zamu za Jumamosi, nami nikamshikia Ijumaa mchana alipokwenda msikitini. Mpango huo haukuandikiwa barua na mtu yeyote, na ulidumu hadi alipostaafu.

Kesi za mauaji hazikuwa zetu. Zilisikilizwa na jaji wa mahakama kuu aliyekuja kwa msimu, akakaa siku kadhaa, akaondoka. Jaji huyo alikuwa akiketi na wazee washauri watatu waliochaguliwa kutoka vijijini, ambao kazi yao ilikuwa kusikiliza na mwishowe kumpa maoni, ingawa hakufungwa nayo. Mkalimani wa kesi hizo alikuwa Mzee Abdalla siku zote. Lakini msimu mmoja malaria ilimlaza, nikaitwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilifurahi.

Mshtakiwa alikuwa mwanamke mjane aitwaye Bosibori, wa upande wa Birongo, labda miaka thelathini. Alishtakiwa kwa kumuua shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, kwa panga. Hakuna aliyebisha kwamba alimkata. Polisi walisema hivyo, jirani aliyefika kwanza alisema hivyo, na yeye mwenyewe alijisalimisha kwa chifu siku hiyo hiyo, panga akiwa nalo. Wakili aliyepewa na serikali alifika asubuhi ya kesi. Hakujua Kigusii. Alizungumza naye kwa nusu saa, huku askari wa kiume akiwatafsiria, na Bosibori hakumwambia askari yule chochote cha maana. Sasa naelewa kwa nini.

Ilipofika zamu yake kujitetea, alichagua kusema kutoka kizimbani bila kiapo, kama sheria ilivyoruhusu wakati ule. Alishika ubao wa kizimba kwa mikono miwili. Alizungumza kwa sauti ya kawaida, bila kulia, macho yake yakiwa kwa jaji ambaye hakuelewa hata neno moja.

Alisema hivi, kwa Kigusii, kadiri nilivyoyashika siku ile: "Shemeji alikuja akaniambia kwamba mimi ni wa boma lao na sina ruhusa ya kukataa. Nikamwambia nimekataa. Akanisukuma chini. Akanishika shingo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akawa ananivua nguo. Alikuwa juu yangu. Nikapapasa, nikapata panga nililokuwa nikikatia majani ya ndizi. Sikuangalia nilipokata."

Sasa lazima niwaeleze jambo ambalo Mgusii hahitaji kuelezwa. Kuna maneno ambayo mtu hawezi kuyatamka mbele ya watu wa umri wa baba yake. Si ustaarabu tu wa mezani. Ni mwiko wa ndani, unaofundishwa tangu unapoanza kutembea, na mwili wenyewe unakataa. Mzee mshauri wa kwanza, aliyekaa hatua nne kutoka nilipokuwa, alikuwa Mzee Ombati wa Manga, rika moja na baba yangu. Kanisani kwetu aliketi benchi la mbele yetu. Alikuwapo siku nilipobatizwa.

Jaji alikuwa ameinua kalamu akingoja. Nilifungua kinywa, nikamwona Mzee Ombati, nikasema kwa Kiingereza: "Marehemu alikuja nyumbani kwangu. Tukagombana. Nikachukua panga nikamkata."

Jaji akaandika. Akaniuliza kama hayo ndiyo yote, maana ilionekana mama yule amesema maneno mengi. Nikajibu kwamba lugha yetu inazunguka kidogo. Mungu anisamehe, hata nilitabasamu kidogo niliposema hivyo.

Bosibori alinitazama. Hakujua Kiingereza, lakini alijua urefu wa alichosema na urefu wa nilichosema.

Nusu ya watu waliokuwa ndani ya chumba kile walielewa Kigusii. Wote walimsikia, na kila mmoja alidhani kwamba jaji naye amesikia. Wazee washauri walipoulizwa maoni yao, wawili walisema ana hatia. Mzee Ombati alisema: "Kwa sababu aliyoieleza mwenyewe, mimi sioni hatia." Hayo niliyatafsiri neno kwa neno. Jaji akamuuliza ni sababu gani, ule ugomvi? Mzee akajibu kwamba ni ile ile aliyoieleza, hana haja ya kuirudia. Jaji aliandika, na katika hukumu alisema kwamba mshauri mmoja aliguswa na huruma, jambo la kibinadamu, lakini ugomvi si utetezi. Bosibori akahukumiwa kunyongwa, maana sheria haikumpa jaji adhabu nyingine. Mimi ndiye niliyemtafsiria hukumu hiyo. Sikuifupisha.

Ningependa kuwaambia kwamba sikulala. Nililala. Kijana wa miaka ishirini na mitatu hujua kujiambia mambo: kwamba ni kweli alikata, kwamba wakili ndiye aliyepaswa kuuliza, kwamba jaji ana elimu. Nilijiambia hayo kwa muda wa wiki tatu hivi.

Siku hizo rufani ya kesi kama hiyo ilikwenda moja kwa moja kwenye mahakama ya rufani iliyohudumia nchi zetu tatu za Afrika Mashariki kwa pamoja. Majaji wake walikuwa wakizunguka, leo mji mkuu wa nchi hii, kesho wa nchi ile. Sisi wa chini tuliijua kwa jambo moja tu: ilitaka karatasi safi. Mwenendo wote wa kesi ulipigwa taipu kwa nakala nyingi, na mtu mwingine akakaa kulinganisha kila mstari na mwandiko wa jaji. Kwa kuwa mwandiko wa jaji yule ulikuwa kama nyayo za kuku na mimi nilikuwapo kortini, kazi ya kulinganisha nilipewa mimi.

Nilifika ukurasa wa maelezo ya mshtakiwa. Mistari miwili na nusu. Niliisoma, nikatambua kwamba katika makaratasi yote yale yatakayovuka milima kwenda kwa majaji watatu, hakuna neno hata moja la Bosibori. Yale yalikuwa maneno yangu. Wakitaka kumnyonga, watamnyonga kwa sentensi yangu mimi.

Nilimpelekea Mzee Abdalla ukurasa ule. Alikuwa amepona, amekonda, akinywa chai ya tangawizi. Nilimwambia alichosema mama yule na nilichosema mimi. Aliweka kikombe chini. Kisha aliniuliza kama kuna mtu yeyote aliyelalamika. Nikasema hakuna.

"Basi ukinyamaza hutaulizwa," alisema. "Na hilo ndilo baya lake. Ungeulizwa, ungejibu. Sasa ni lazima uanze mwenyewe."

Nilimwambia naogopa kufukuzwa. Akasema anaelewa, yeye pia angeogopa. Akaongeza kwamba kosa si la mtoto wa Manga peke yake. Yeye alinifundisha saa na mvua na ngeli, lakini hakunifundisha la kufanya siku aibu itakaponikaba. Kisha alivaa kofia yake, akaniambia tuondoke sasa hivi, maana kesho nitakuwa nimepata sababu nzuri ya kutokwenda.

Tulikwenda kwa hakimu wetu, mtu mkavu aliyependa faili zilizofungwa vizuri. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Aliniambia kwamba nikiapa hayo kwa maandishi nitakuwa nimekiri kuvunja kiapo changu cha ukalimani, na hawezi kuniahidi kinga. Niliposema nimeelewa, alivuta karatasi akaanza kuandika barua kwa wakili wa rufani kwa mkono wake mwenyewe. Tulipofika mlangoni alisema tufunge mlango polepole, na kwa mtu kama yeye nililichukua kuwa neno la faraja.

Hati yangu ya kiapo ilikuwa ya kurasa mbili. Wakili wa serikali aliipinga. Alisema ni rahisi kwa mkalimani wa kabila moja na mshtakiwa kukumbuka mambo mazuri baada ya hukumu. Kwa hiyo majaji waliagiza niitwe niulizwe maswali. Nilipanda basi la asubuhi kwenda Nairobi nikiwa na suti ya Mzee Abdalla, iliyokuwa fupi mikononi.

Nilitarajia jumba la kutisha. Kilikuwa chumba cha kawaida chenye vitabu vingi, na majaji watatu wazee waliochoka. Wawili walikuwa Wazungu. Wa tatu alitoka nchi jirani, na Kiswahili kilikuwa lugha yake ya nyumbani. Bosibori hakuletwa. Wakili wa serikali aliniuliza kama ninamjua mama yule, kama tunahusiana, kama nimeahidiwa kitu. Nikajibu hapana mara tatu. Ndipo jaji wa nchi jirani akaweka miwani mezani, akaniuliza kwa Kiswahili.

"Kwa nini hukusema alichosema?"

Nilijibu kwamba niliona aibu. Akauliza aibu ya nani. Nikamweleza habari za Mzee Ombati, na benchi la kanisani, na mwiko wetu. Sikujua kama mtu wa nchi nyingine ataelewa. Aliitikia kwa kichwa taratibu.

"Na yule mama, yeye si Mgusii?"

Nikasema ni Mgusii.

"Yeye hakuwa na aibu mbele ya wazee hao?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilisema kwamba alikuwa nayo, kuliko mimi, maana yeye ni mwanamke na yalimpata yeye. Aliivuka ili aseme. Nami nilimwacha peke yake ng'ambo.

Jaji akaniambia: "Basi sema sasa. Kwa lugha yake kwanza, halafu kwa Kiingereza, na wenzangu waandike."

Nikasema. Kwa Kigusii sauti yangu ilikatika pale pa nguo, nikaanza tena. Kwa Kiingereza ilikuwa rahisi zaidi, na urahisi wenyewe uliniaibisha. Nilitumia "mimi", kama nilivyofundishwa. Nilimaliza kwa "sikuangalia nilipokata". Zilisikika kalamu tu.

Kilichowafanya waniamini, kama nilivyosoma baadaye, hakikuwa machozi wala suti fupi. Kilikuwa maoni ya Mzee Ombati. Majaji waliandika kwamba maneno ya mshauri yule, "kwa sababu aliyoieleza mwenyewe", hayana maana yoyote katika kesi kama ilivyorekodiwa, lakini yana maana kamili ikiwa mshtakiwa alisema kile ambacho mkalimani sasa anaapa kwamba alikisema. Mzee ambaye nilimwogopa ndiye aliyekuwa shahidi wangu. Alisikia kila neno la Bosibori, na hakuona aibu hata kidogo. Aliona mtu aliyeonewa.

Waliifuta hukumu. Walisema kwamba mtu hajasikilizwa kwa kuwa tu amepewa nafasi ya kufungua kinywa; amesikilizwa pale maneno yake yanapomfikia anayemhukumu. Waliagiza kesi ianze upya mbele ya jaji mwingine, na mkalimani mwingine.

Mimi nilipewa onyo kali na miezi sita katika chumba cha faili za zamani, pamoja na panya. Nilistahili zaidi. Kwa kesi ya pili aliapishwa mwalimu mmoja wa kike kutoka upande wa Nyanchwa, mama mwenye sauti ya kwaya. Niliketi nyuma kabisa. Bosibori alisema tena yote aliyosema mara ya kwanza, na mwalimu yule aliyasema baada yake bila kupunguza wala kuharakisha, huku akiwatazama wazee usoni. Tangu siku hiyo niliomba, kila kesi ya namna hiyo ilipokuja, atafutwe mwanamke. Wakubwa walinung'unika kwamba ni usumbufu. Usumbufu upo. Endeleeni kuomba.

Bosibori aliachiliwa. Jaji alisema alikuwa akijitetea.

Miaka ya sabini ilipokaribia kwisha nchi zetu tatu zilikosana, na mahakama ile ya pamoja ikavunjika pamoja na mambo mengine mengi. Watu walilalamikia ndege na reli tulizomiliki pamoja. Mimi nilikumbuka chumba chenye vitabu. Sisemi kwamba majaji wa mbali wana akili kuliko wetu. Lakini wale hawakumjua shemeji, wala ukoo wake, wala hawakuketi kanisani na mzee yeyote. Jambo ambalo sisi wa karibu tulishindwa kulitamka, kwao lilikuwa jambo la kusikilizwa tu. Wakati mwingine mtu huhitaji kusikilizwa na watu wasiomjua.

Mwaka mmoja hivi baada ya kuachiliwa kwake, kabla ya hayo ya kuvunjika, nilikwenda Birongo siku ya soko. Alikuwa amerudi kwa mama yake, na alikuwa akiuza ndizi za kupika. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi kwa maneno marefu. Nilipoanza, alinikatiza akaniuliza kama ni kweli wale wazee watatu wa Nairobi waliandika habari zake. Nikasema ni kweli, kurasa kumi na moja, na nakala ninayo kwenye mkoba. Akasema hajawahi kuambiwa zinasema nini. Gerezani askari alimwambia tu kwamba rufani imekubaliwa.

Alimwachia mama yake ndizi, tukaketi kwenye nyasi kando ya soko. Nikamsomea kwa Kigusii, tangu mstari wa kwanza, namba ya kesi na majina ya majaji, bila kuruka chochote. Nilipofika kwenye maneno yake mwenyewe, wanaume wawili wa makamo walikuwa wamesimama karibu wakisikiliza. Sikushusha sauti.

Nikasoma: "Nikamwambia nimekataa."

Akaweka mkono juu ya karatasi. "Hapo si sawa," alisema. "Nilimwambia mara tatu. Na siku ile kortini nilisema hivyo, mara tatu."

Nilikuwa nimeyameza hayo pia, na hata katika kuapa hayakunirudia. Nikamwambia hukumu imekwisha kuandikwa, siwezi kuibadilisha. Akasema anajua. Akaendelea kuniangalia. Nikatoa kalamu, nikaandika juu ya mstari ule, kwa herufi zinazosomeka, "mara tatu". Alingoja hadi wino ulipokauka, ndipo akaondoa mkono wake, akaniambia niendelee.